Darasa Lisiwe Bani la Tumbaku

Mtu aliyepata kufanya kazi katika mashamba ya tumbaku ya Urambo, Sikonge au Kaliua hahitaji kuelezwa bani ni kitu gani. Ni nyumba iliyojengwa ili joto lisitoke. Kuta zake huzibwa, mlango hufungwa, moto huwashwa na joto lake hupitishwa ndani kwa mabomba, na jani lililoingia bichi hutoka limekauka. Lakini hata bani, ambalo kazi yake ni kukausha, lina matundu chini na matundu juu, na mkulima mwangalifu huamka usiku kuyafungua na kuyafunga. Anajua kwamba hewa yenye mvuke isipopewa njia ya kutoka tumbaku yote itaharibika, na deni la pembejeo litabaki pale pale.

Twasema haya kwa sababu mwezi wa Oktoba uliopita mmoja wetu aliketi, saa nane ya mchana, katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kimoja katika mkoa huu. Hatukitaji chuo chenyewe, kwa kuwa tukikitaja kimoja, vingine vitajiona vimesalimika, na havikusalimika. Ukumbi ulikuwa mpya. Sakafu ilikuwa ya vigae, dari ya jipsam nyeupe, madirisha mapana ya aluminiamu. Wanafunzi walipita mia moja. Feni zilikuwa nne, na iliyozunguka ni moja. Baadhi ya madirisha yalikuwa yamepigwa misumari kwa hofu ya wezi, na mengine yalifunikwa kwa mapazia mazito ili picha za mhadhiri zionekane ukutani. Mhadhiri mwenyewe alisema kwa bidii, huku akijifuta jasho kwa leso ambayo ilikuwa imekwisha kulowa. Safu tatu za nyuma zilikuwa zimelala, wala hazikulala kwa uvivu. Vijana wale walinyimwa kitu ambacho mkulima hathubutu kulinyima jani la tumbaku.

Tabora imekaa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nyuzi tano kusini ya ikweta. Katika mji uliokaa hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika juma la kwanza la Oktoba. Machi hutukuta tuna mawingu na mvua. Oktoba hutukuta na mbingu tupu na ardhi iliyokauka tangu Mei, na ndiyo maana hakuna mwezi unaoushinda kwa joto. Kipimajoto hupanda alasiri hata nyuzi 32 na kupita. Ni wakati huo huo, au punde baadaye, vyuo vyetu vinapofungua mwaka mpya wa masomo. Kwa hiyo mtoto wa mkulima aliyeuziwa ng'ombe ili apate nauli na godoro huzianza siku zake za kwanza za elimu ya juu ndani ya bani.

Wako watu, na wengine ni viongozi wenye dhamana, wanaosema kuwa hiyo ni hali ya hewa, na hali ya hewa haina mshitakiwa. Hoja hiyo twaikataa. Saa ile ile nane, mtu na atoke chuoni aende Kanyenye, akae chini ya mwembe penye wazee wachezao bao. Oktoba ni ile ile na hewa ni ile ile. Wazee wanabishana, wanacheka, na kete wanazihesabu bila kukosea hata moja. Mwembe unazuia jua na hauzuii upepo. Ukumbi tuliouona unazuia upepo na hauzuii jua.

Watu waliojenga mji huu walilijua jambo hilo pasipo kuwa na kipimajoto. Hapa ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja ikaenda Ujiji na nyingine ikapanda kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walitua mizigo yao Unyanyembe baada ya miezi ya kutembea, na walichokitafuta kwanza ni maji na kivuli. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, walikaribishwa katika tembe. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara akingoja wapagazi wa kumpeleka mbele, na tembe hilo leo ni makumbusho. Ni mwendo mfupi kutoka Kanyenye. Mhandisi yeyote anayetumwa kujenga chuo katika mkoa huu angepaswa kupelekwa pale kwanza, aweke kiganja chake juu ya ukuta wa ndani mchana wa Oktoba.

Tembe lina kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo, ua katikati na baraza mbele. Udongo mzito hupokea joto polepole sana. Jua linalopiga ukuta mnene adhuhuri huchukua saa nyingi kupenya, na joto lake hufika ndani usiku, wakati hewa ya nje imekwisha kupoa na wenye nyumba wanaweza kufungua milango. Asubuhi ukuta umepoa tena, tayari kwa mchana mwingine. Hesabu hiyo yafaa Tabora kwa sababu usiku wetu wa kiangazi ni wa baridi. Dar es Salaam au Tanga, ambako usiku nao ni wa joto na hewa ina unyevu wa bahari, ukuta mnene haupati nafasi ya kupoa, na huko dawa kubwa ni upepo. Hapa ndipo lilipo kosa ambalo twalililia zaidi kuliko yote: ramani moja huchorwa katika ofisi moja ya pwani, kisha husafirishwa kwenda kila mkoa kama kwamba nchi hii yote ina jua moja na usiku mmoja. Mshonaji hawezi kushona kanzu moja akaiuza kwa mtoto na kwa baba yake.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi vijana wetu warudishwe kwenye tembe. Tembe lilikuwa na giza. Mchwa walikula miti yake. Masika lilivuja, na kulitengeneza kila mwaka ilikuwa kazi ya ukoo mzima. Wala hakuna tembe lililopata kuchukua wanafunzi mia mbili na kipaza sauti. Twasema tu kwamba watu wasiokuwa na shahada waliliweka mbele swali la jua kabla ya kuchimba msingi, na sisi wenye shahada twaliweka mbele swali la rangi ya vigae.

Na tuliseme jambo lenyewe kwa hesabu, ili asitokee mtu akadai kuwa ni manung'uniko tu. Mwili wa mtu aliyeketi hutoa joto la wati mia moja hivi. Watu kumi, basi, ni sawasawa na pasi moja ya umeme iliyowashwa. Wanafunzi mia na ishirini ni pasi kumi na mbili zilizowekwa ndani ya chumba na kuachwa ziwake tangu saa moja ya asubuhi. Juu yao pana bati. Bati jipya linalong'aa hurudisha mwanga mwingi wa jua, lakini joto kidogo linalolishika halitoi upesi. Na bati lililoanza kushika kutu hulimeza jua lote na kulishusha chini. Likipakwa rangi nyeupe hushinda yote mawili, kwa kuwa hurudisha mwanga na hutoa joto lake upesi. Ndoo za rangi nyeupe si jambo la kuitishia mkutano wa wafadhili.

Chini ya bati pana dari, na kati ya bati na dari pana hewa iliyofungiwa. Kama kenchi hazikuachiwa matundu kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa, hewa ile huchemka mchana kutwa juu ya vichwa vya watu. Mafundi bati wa Tabora wanalijua hilo, maana ndio wanaopanda huko; tumewasikia wakisema kwamba hakuna anayeweza kukaa darini saa saba za mchana. Lakini nani aliyepata kumwuliza fundi bati neno wakati ramani inachorwa?

Kisha madirisha. Yale ya zamani ya mbao, yenye mabawa mawili, yalifunguka yote. Haya ya kusukuma, ambayo sasa yamekuwa alama ya maendeleo, yana vipande viwili, na kimoja husukumwa nyuma ya kingine, kwa hiyo dirisha zima halifunguki kupita nusu. Serikali hununua dirisha la mita mbili na kupata tundu la mita moja. Madirisha hayo yakiwekwa upande mmoja tu wa chumba, upepo hugusa mlangoni ukarudi, kwa kuwa upepo haukubali kuingia mahali pasipo pa kutokea. Wataalamu huhesabu kwamba kila mtu aliyemo darasani ahitaji lita nane hata kumi za hewa mpya kwa kila sekunde. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za kabonidayoksaidi katika kila sehemu milioni. Katika chumba kilichofungwa na kujaa watu kiasi hicho hupita 1,000 kwa muda mfupi, na hapo kichwa huwa kizito na macho hufumba. Hewa hiyo hiyo iliyopumuliwa na mia moja ndiyo hubeba kifua kikuu kutoka pafu moja kwenda jingine.

Hasara yake katika masomo imepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya matokeo ya mitihani ya wanafunzi wa sekondari wapatao milioni kumi. Waliona kwamba katika shule zisizo na vipoza hewa, kila mwaka wa masomo uliozidi joto kwa nyuzi moja ya Farenhaiti, ambayo ni kama nusu nyuzi ya Selsiasi, uliwapunguzia wanafunzi karibu asilimia moja ya yale waliyopaswa kujifunza. Na waliopoteza zaidi walikuwa watoto wa maskini. Jirani zetu wa Sudan Kusini hawakuhitaji uchunguzi. Machi 2024 Serikali yao ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45.

Watu wengine watatujibu kwa neno moja: kiyoyozi. Watasema kwamba Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na kwamba taifa lenye umeme huo halina haja ya kuhangaika na udongo na miembe. Twaufurahia umeme huo. Ni jasho la wananchi. Lakini kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya hata kidogo. Huichukua hewa ile ile ya ndani, huipoza na kuirudisha, na kwa kuwa madirisha yamefungwa ili baridi isitoke, wanafunzi hupumuana pumzi zao katika ubaridi. Kiyoyozi kimoja hula umeme wa feni nyingi, na ukumbi mkubwa huhitaji vingi. Siku kikiharibika, na huharibika, ukumbi uliojengwa kwa kukitegemea huwa haukaliki kabisa, maana haukuachiwa tundu jingine. Maabara yana haja nacho, vyumba vya mashine za kompyuta vina haja nacho, wodi fulani za hospitali zina haja nacho. Hatukipigi vita kiyoyozi. Twauliza kinakaa wapi.

Maana twajua kinakaa wapi. Katika vyuo vingi tulivyotembelea kipo katika ofisi ya mkuu, kipo katika ofisi ya mhasibu, kipo katika chumba cha mikutano kinachotumika mara mbili kwa mwezi. Hakipo katika ukumbi wa wanafunzi mia mbili, wala katika jiko la mpishi, wala katika kibanda cha mlinzi. Mtu anayetia sahihi ramani ya madarasa huitia akiwa katika nyuzi 22. Hatusemi kwamba ana moyo mbaya. Mwili wake haukupata habari, na mkono hutia sahihi yale mwili uliyoyazoea. Chama kilichotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 hakiwezi kuliona jambo hili kuwa ni la mafundi peke yao.

Na Chama hiki si mgeni katika habari za kumbi za masomo. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kabla hakijahamia Mlimani mwaka 1964. Nchi ilikuwa haijatimiza hata siku ya kwanza ya Uhuru, na Chama kilitoa paa lake ili vijana wasome sheria. Waliopanga kupeleka chuo kile juu ya kilima, mahali pafikapo upepo, walifikiri. Mji wetu wa Tabora nao ndio uliomlea Mwalimu Nyerere katika shule ya serikali tangu 1937 hadi 1942, na akarudi kufundisha hapa hapa, katika shule ya misheni, katika miaka ya 1940. Twaamini walimu wenzake wa siku zile walijua ni dirisha lipi la kufungua saa ngapi.

Atakayesema kwamba majengo ya namna hiyo hayawezekani kwa nchi maskini, na aangalie Burkina Faso, nchi yenye jua kali kuliko letu. Katika kijiji cha Gando, Diébédo Francis Kéré, mtoto wa kijiji hicho hicho aliyesomea ujenzi Ujerumani, alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni matofali ya udongo. Juu ya madarasa pana dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa. Na juu ya dari, bati limeinuliwa mbali juu ya vyuma vyembamba, ili upepo upite katikati na kulibeba joto kabla halijashuka. Wanakijiji wenyewe walibeba mawe na kushindilia sakafu. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo hakuna kubwa kuliko hiyo katika uchoraji wa majengo. Karibu nasi zaidi, katika Turkana ya Kenya, chuo chake cha teknolojia kilichokamilika mwaka 2021 kina minara mirefu inayovuta hewa ya moto juu na kuitoa, na mfano wa minara hiyo aliuchukua kwenye vichuguu. Vichuguu! Sisi wa nchi ya miombo tumevikanyaga tangu utoto, tukavichimba udongo wa kufyatulia matofali, na hatukuwauliza mchwa wanapumuaje.

Neno hili lina haraka. Serikali yetu inatekeleza Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, wenye mkopo wa dola milioni 425 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, na kampasi mpya zinajengwa katika mikoa ambayo haikuwa na chuo kikuu. Jengo la zege hukaa miaka hamsini na zaidi. Kosa la leo katika mwelekeo wa ukuta litawatesa wajukuu wa wanafunzi wa leo, na mkopo watakuwa wamekwisha kuulipa.

Basi twawaambia madiwani wetu: kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na halmashauri ni ninyi. Ramani ya ukumbi wa masomo inapoletwa, ulizeni ukuta mrefu unaelekea wapi. Ukielekea mashariki au magharibi, jua la asubuhi na la jioni litaingia mpaka ubaoni. Uelekezwe kaskazini na kusini. Ulizeni kama madirisha yapo pande zote mbili. Ulizeni paa linapumulia wapi. Ulizeni pia mvua za Novemba hadi Aprili zikianza kupiga bati, mwalimu atasikika au atanyamaza kama anyamazavyo sasa, akingoja nusu saa. Wala msiridhike na jibu kwamba wataalamu wamekwisha kuliangalia.

Kwa majengo yaliyopo, kazi ipo na haingoji bajeti kubwa. Paa lipakwe rangi nyeupe. Penye hofu ya wezi, misumari ing'olewe na ziwekwe nondo, au ukuta wa juu ujengwe kwa matofali ya maua, yenye matundu, ambayo mwizi hapiti na upepo hupita. Feni zilizokufa zifufuliwe; upepo wa feni humfanya mtu aone nafuu ya nyuzi mbili au tatu ingawa hewa ni ile ile. Mihadhara ya watu wengi ipangwe asubuhi mapema. Na mwembe au mwarobaini upandwe leo upande wa magharibi wa kila ukumbi. Vumbi la kiangazi litaingia, twakubali, na dawati litahitaji kufutwa. Afadhali vumbi.

Tawi la Chama lililo jirani na chuo chochote katika mkoa huu twaliomba jambo moja. Oktoba ijayo litundike kipimajoto katika ukumbi mkubwa wa chuo hicho, na kila siku ya masomo, saa nne asubuhi na saa nane mchana, mtu aandike nyuzi, idadi ya wanafunzi waliomo, na idadi ya madirisha yaliyo wazi. Kando yake aandike nyuzi za chini ya mti ulio karibu. Karatasi hizo zifikishwe katika kikao cha kwanza cha Baraza la Madiwani baada ya mwezi huo, na nakala tuletewe sisi. Tutazichapa katika ukurasa huu huu, pamoja na jina la ofisi iliyogonga muhuri juu ya ramani.